Bahasha Yenye Dirisha

Usharika wetu ulikuwa na sanduku moja la posta, pale Makambako, na sanduku hilo ndilo lilikuwa anuani ya kila mtu. Barua ya mwana aliyeko Dar es Salaam ilikuja hapo. Wito wa mahakama, matokeo ya mitihani, kadi za harusi, majibu ya wajane wanaofuatilia mafao ya waume zao, vyote vilikuja hapo, juu limeandikwa jina la mtu na chini yake jina la usharika. Sisi tuliokaa kwenye vilima vya upande wa Kitandililo hatukuona ajabu. Kuwa na sanduku lako peke yako lilikuwa jambo la maofisa na wenye maduka, na hata hao walisubiri kwenye orodha mpaka mwenye sanduku ahame au afe.

Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Nilikuwa mwinjilisti wa usharika, nimetoka chuoni na cheti changu na baiskeli niliyopewa na wazazi. Kila Jumamosi nilishuka posta, nikatia barua kwenye mkoba wa turubai, nikapanda nazo. Jumapili, baada ya ibada, ulifuata mnada wa sadaka za mazao: mayai, debe la mahindi, kuku, viazi vya mtu aliyekosa fedha taslimu lakini hakukosa shukrani. Mnada ukiisha, nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikaita majina ya wenye barua.

Kuita huku hakukuwa mapambo. Kabla ya zamu yangu barua zilipelekwa nyumba kwa nyumba, na moja iliyokuwa na hundi ya posta ikapotea njiani. Watu wa ukoo mmoja wakakaa miaka bila kusalimiana. Ndipo wazee wa kanisa walipoamua kwamba barua haitolewi pembeni. Itaitwa mbele ya watu, mwenyewe atajitokeza, ataipokea, basi. Nilipokabidhiwa ufunguo niliahidi mbele ya madhabahu kwamba nitafuata utaratibu huo kwa ndugu na kwa asiye ndugu. Nilikuwa kijana, nikaona ni ahadi nyepesi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, katika usharika huohuo. Mumewe alikuwa dereva wa shirika la umma. Miaka ile mashirika yalipokuwa yanauzwa, alipunguzwa kazi, akapewa kiinua mgongo, akarudi nyumbani na kifua kibovu. Fedha zile zilikwisha hospitalini kabla yeye hajaisha. Najua, kwa sababu nilikuwa namsindikiza. Lakini mdogo wa marehemu hakuamini. Alitazama miaka ambayo kaka yake alishika usukani, akaona haiwezekani mtu afanye kazi yote ile asiache kitu. Na kama kiliachwa, basi anacho mjane.

Mjane alikuwa na mashine kuukuu ya kufumia masweta, niliyomsaidia kuinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Kwa baridi yetu, mtoto wa shule anaweza kwenda bila viatu lakini si bila sweta. Dada yangu alifuma rangi ya kila shule, bluu, kijani, damu ya mzee, na alichopata alikipeleka polepole kwenye benki mpya ya watu binafsi iliyofunguliwa Njombe mjini. Hakumwambia mtu ila mimi, na mama mkwe wake, aliyekaa naye na watoto nyumba moja na kumkunjia nyuzi.

Alikuwa anatafuta kiwanja. Nyuma ya soko la Makambako palikuwa na kipande cha ardhi cha mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mwenye malori, mtu wa asili ya Kondoa aliyekuja na ujenzi wa reli na hakurudi. Dada alitaka kujenga chumba cha mashine na chumba cha kulala, auze masweta yake mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilimsindikiza kwa huyo mzee. Alitukaribisha barazani, akatusikiliza vizuri.

"Bibie, nakuheshimu," alisema. "Lakini watu wengi wamekuja hapa na maneno. Mwenyezi Mungu ni shahidi wa kwanza. Mimi nataka na wa pili."

"Nikuletee nani, mzee?" dada akauliza.

"Usiniletee mtu. Niletee karatasi ya benki, yenye jina lako. Nikiiona, kiwanja nakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Nisipoiona, yuko mtu wa Iringa ananisumbua kila siku."

Siku ya pili tukaenda Njombe. Ndani ya benki palinuka rangi mpya. Binti aliyetuhudumia alikuwa na lafudhi ya pwani na alikuwa amevaa koti juu ya koti.

"Kwa hapa kaunta hatuchapi, mama," alisema. "Taarifa zote zinachapwa Dar es Salaam. Sasa uchague. Unataka ikufikie kwa karatasi, kwa njia ya posta, au kwa mtandao?"

"Mtandao ndio nini?"

"Kwenye kompyuta. Inakuja humo kama barua, unaifungua mwenyewe kwa namba yako ya siri. Hakuna mtu mwingine anayeiona."

Neno hilo la mwisho lilimgusa dada. Alinitazama. Tukamwomba yule binti atusubiri, tukatoka, tukaenda kwenye duka la kompyuta lililokuwa karibu na stendi, la kwanza kufunguliwa mjini pale. Mwenye duka alikuwa bwana mmoja mchangamfu mwenye skafu shingoni.

"Hiyo kazi ndogo," alisema. "Nakufungulia anuani sasa hivi. Namba ya siri nitakutunzia mimi, maana akina mama huwa mnasahau."

"Unitunzie siri yangu?"

"Ndiyo. Ukija, mimi nafungua, nakusomea."

"Na siku nisipokuja?"

Yule bwana akacheka. "Sasa mama, mimi nina shida gani na siri yako?"

"Hujaijua bado," dada alisema. Akajifunga kitenge vizuri, tukarudi benki.

Njiani nilimwambia kwamba lile duka lingeweza kumfaa baadaye, akishajifunza mwenyewe. Alisema mzee wa Makambako ameomba karatasi, na yeye atampa karatasi. Binti wa benki akauliza anuani. Dada akataja sanduku la usharika bila hata kufikiri, kama mtu anayetaja jina la baba yake. Nami nilikuwa nimesimama pale, mwenye ufunguo, sikufikiri. Kwetu ukiulizwa anuani, jibu lilikuwa lile moja. Ilituingia akilini tulipokuwa tumefika nusu ya njia ya kurudi, juu ya lori la viazi, upepo ukitupiga usoni. Dada akanigeukia.

"Kaka," alisema. "Utaiita."

Nilijua anachosema. Tulirudi Njombe wiki iliyofuata kubadilisha. Binti akatuambia kwa upole kwamba ombi limekwisha kwenda Dar es Salaam na karatasi ya kwanza itakuja kwa njia tuliyoandika. Baada ya hiyo tungeweza kubadilisha. Nje dada alisema, "Hata angebadilisha, mzee wa kiwanja ningempa nini?"

Tulianza kusubiri. Nimewahi kusubiri mvua, nimesubiri mgonjwa apone, lakini kusubiri kitu unachokihitaji na kukiogopa kwa wakati mmoja ni mzigo wa namna yake. Kila Jumamosi nilipotia ufunguo kwenye sanduku nilikuwa sijui niombe bahasha iwemo au isiwemo. Mwisho nikaacha kumchagulia Mungu, nikaomba tu nipate kusimama sawasawa itakapokuja.

Kule kwa wakwe maneno yalikuwa yameanza kuchemka. Mdogo wa marehemu alikuwa ametangaza kikao cha ukoo, Jumatano ya wiki ya tatu ya mwezi, kugawa vitu vya kaka yake. Vitu vyenyewe vilikuwa redio, koti la mvua, baiskeli bila tairi la nyuma. Kila mtu alielewa kwamba kikao si cha redio. Alikuwa amekwisha kusema kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi kwamba fedha za kaka yake akizipata, atazikalisha mezani kwa ukoo mzima na mjane atapewa nauli ya kurudi kwao. Kwao ni kwetu, ng'ambo ya bonde, hakuna hata nauli. Lakini tulielewa maana yake.

Jumamosi iliyotangulia kikao hicho nilimkuta posta. Alikuwa ameleta maharage sokoni, na sasa ameegemea ukuta karibu na masanduku.

"Kamwene, mwinjilisti. Nangoja barua ya mwanangu."

"Kamwene. Kesho utaisikia, kama ipo."

"Fungua tuone kama ipo."

Nilifungua kwa sababu sikuwa na jinsi. Juu kabisa ya furushi ilikuwepo bahasha ndefu, nyeupe, yenye kidirisha cha plastiki, na nembo ya benki kwenye pembe. Ndani ya kidirisha lilionekana jina la dada yangu lote, la kwake na la mumewe. Nililaza kiganja juu yake nikatia furushi lote mkobani. Nadhani sikuchelewa kwa jina. Kwa kidirisha nilichelewa.

"Hiyo ya benki," alisema.

Nilifunga sanduku.

"Yenye dirisha. Shirika la marehemu lilikuwa linamletea za namna hiyo. Ya nani?"

"Kesho, ndugu yangu. Unajua utaratibu."

"Ni ya usharika?"

"Kesho."

Alinifuata. Upepo wa Makambako ulikuwa unatupuliza vumbi la barabara machoni, nami nilikuwa naisukuma baiskeli mlimani badala ya kuipanda, kwa sababu nisingeweza kumwacha bila kuonekana ninakimbia. Alitembea nyuma kidogo, mkono wake umeshika kwenye keria, penye mkoba. Hakuuvuta. Aliuweka tu pale, kama mtu anayesaidia kusukuma.

"Ingekuwa ya mtu mwingine ungeniambia," alisema tulipofika kwenye miti ya miwati.

"Ya mtu mwingine pia nisingekuambia."

"Mwinjilisti, wewe hujui kusema uongo. Ndiyo maana unanyamaza sana leo."

Nilimuuliza habari za mwanawe. Akasema mwanawe anauza mitumba Kariakoo, ameahidi kutuma fedha za mbolea. Kisha akarudi palepale. "Kaka yangu alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua. Alinisomesha mpaka la saba. Nikimfuatilia fedha zake, watu wanasema tamaa. Je, nikinyamaza, zikaliwa na watu wa nje, watasemaje?"

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba kaka yake alikufa bila kitu, na kwamba nilikuwepo. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi. Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa.

"Wewe ni kaka wa mjane," alisema. "Ungesema nini kingine?"

Tulipofika kwenye njia ya kwa dada yangu, nilikuwa nimekusudia kupita angalau nimwandae. Alisimama nami pale njia panda, mkono bado kwenye keria. Nikapita moja kwa moja hadi nyumbani kwangu. Mlangoni akaniachia, akasema, "Tuonane kwenye ngazi."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Niliwahi kanisani kupanga vitabu vya nyimbo. Dada akaja mapema, maana alikuwa mwanakwaya, akanikuta nyuma karibu na tangi la maji. Sikuhitaji kusema. Alinitazama mara moja, akajua.

"Imekuja."

"Imekuja. Na shemeji yako ameiona, ila hajaona jina."

Alikaa kwenye ukingo wa tangi. Alikuwa amevaa joho la kwaya na chini yake sweta la kijani lililobaki kwenye oda ya shule fulani, mikono mifupi kidogo.

"Ukiniita," alisema taratibu, "Jumatano watanikalisha. Watataka karatasi. Watazuia fedha mpaka ukoo uamue, na ukoo ukianza kuamua hauishi. Mwisho wa mwezi kiwanja ni cha mtu wa Iringa."

"Najua."

"Usiponiita?"

Nitasema kweli, lile jambo lilikuwa limepita moyoni mwangu usiku kucha. Bahasha moja ingeweza kukwama kwenye mshono wa mkoba. Dada aliniangalia usoni akalisoma.

"Hapana, kaka. Ameiona. Ataiuliza mbele ya watu, na wewe utasema nini? Ukisema uongo, utakuwa uongo wenye jina langu. Na fedha yangu itakuwa ya wizi kuanzia hapo, hata kama niliifuma kwa vidole hivi." Akasimama, akakung'uta joho. "Ita. Ukiita, sauti yako isishuke."

"Nikuite wa mwisho, watu wakiwa wamepungua?"

"Huwa unaitaje?"

"Kama zinavyotoka mkobani."

"Basi ziache zitoke."

Mchungaji alikuwa kwenye usharika mwingine siku hiyo, hivyo ibada niliongoza mimi. Nilihubiri, na watu waliniambia baadaye kwamba nilihubiri vizuri, lakini sikumbuki neno hata moja. Nakumbuka mkoba ulikuwa chini ya mimbari na nilikuwa naugusa kwa mguu. Nakumbuka kwaya ikiimba na dada yangu safu ya pili, sauti yake haikutetemeka. Mdogo wa marehemu alikaa benchi la mbele, mahali ambapo hakuwa anakaa.

Mnada ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Mama mkwe wa dada, bibi kizee mwenye mtoto wa jicho, alikuwa amempania kuku mmoja mwekundu, na mwalimu wa shule naye alimtaka. Mnadishaji akawa anawachochea.

"Mwalimu ameongeza! Bibi, unamwacha kuku aende shule?"

"Akafundishwe nini?" bibi alisema. "Ongeza juu yangu!"

Watu wakacheka. Kwa kawaida ningecheka. Bibi akampata kuku, akamkumbatia kwapani, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, karibu na miguu yangu, kupumzika kabla ya kupanda kwenda nyumbani.

Nikafungua mkoba. Niliita barua ya mwalimu. Niliita ya fundi seremala, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Niliita mbili za familia inayokaa karibu na kisima, kadi ya harusi, barua ya hospitali. Nikaita ya mdogo wa marehemu, kutoka kwa mwanawe. Aliipokea bila kuitazama, akarudi mahali pake, macho mkobani. Niliita nyingine nne au tano. Ndipo ikatoka ile ndefu nyeupe.

Niliita jina la dada yangu, lote, kama lilivyoandikwa. Sauti haikushuka.

Alitoka upande wa kwaya akaja. Kila mtu aliona kidirisha. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi, akageuka.

"Simama, shemeji," mdogo wa marehemu alisema.

Akasimama.

"Wote mmeona. Benki! Sisi tulikaa msiba wa ndugu yangu tunakula ugali kwa maharage, tunachangishana chumvi, kumbe fedha zake zimelala benki zinajifunika blanketi."

"Si zake," dada alisema.

"Za nani?"

"Zangu. Za masweta."

"Masweta!" Akageukia watu. "Jamani, sweta linafungua benki? Mimi nalima, sina benki. Mwalimu ana digrii ya chaki, mwulizeni kama ana benki!"

Baadhi walicheka, na kicheko kile kilikuwa chake, si chetu. Nilimwona dada akiibana bahasha kifuani. Hapo ndipo bibi alipoinua kichwa kutoka kwenye ngazi ya chini. Kuku akalia.

"Wewe mwanangu," alisema. "Masweta unayajua wewe?"

"Mama, kaa tu. Haya ni ya fedha."

"Nani anakunja nyuzi mle ndani? Macho yangu haya hayaoni, lakini vidole vinajua bluu ya shule ni nene na kijani ni nyembamba. Mimi na huyu tunakaa usiku na mchana. Wewe ulipita lini ukatuona?"

"Na nyuzi za kwanza zilinunuliwa na nani? Si kaka?"

"Kaka yako alikuwa kaburini tayari, niliuza mbuzi wangu. Wa mwisho kukamilisha bei alikuwa yule beberu uliyenichinjia bila kuniuliza, nikauza ngozi."

Sasa watu walicheka kweli. Lakini mdogo wa marehemu hakuwa mtu wa kushindwa kwa kicheko. Alisogea, akanyoosha mkono.

"Sawa. Kama ni za masweta, afungue hapahapa. Mwinjilisti asome. Kama hakuna cha marehemu, mimi nitaomba radhi mbele ya kanisa. Anaogopa nini?"

Niliona watu wanaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, maana lilisikika kama jambo la haki. Mtu mmoja nyuma akasema, "Afungue tu yaishe." Mwingine akadakia, "Ndiyo, afungue." Dada alinitazama. Nilifahamu kwamba ikifunguliwa, hata kama kila shilingi ni ya sweta, kiasi chenyewe kitajulikana, na kikijulikana, Jumatano kitakuwa na wenyewe kumi na watano. Nilitaka kusema, lakini mimi ni kaka wa mjane. Nikamwomba Mungu aseme mtu mwingine.

Fundi seremala, mwenyekiti, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa ameshika barua yake ambayo hajaifungua, akiipigapiga kwenye kiganja.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi nilikuwepo utaratibu huu ulipowekwa. Tulisema barua iitwe. Hatukusema isomwe."

"Hii ni tofauti, mzee."

"Tofauti ipi? Kuna sanduku moja. Tukifungua ya huyu kwa sababu wewe una wasiwasi, Jumapili ijayo mwingine atakuwa na wasiwasi na yangu." Akaonyesha kwa kidevu. "Hiyo mkononi mwako imetoka Dar es Salaam. Mimi nina wasiwasi nayo. Wewe mwaka jana ulikopa madebe mawili ya mbegu kwangu ukasema mwanao hajatuma kitu. Nifungue?"

Mdogo wa marehemu alitazama barua yake kama mtu aliyeikuta mkononi kwa mara ya kwanza. Na nikaona jambo ambalo sijalisahau. Mwalimu alitia yake mfukoni. Mama mmoja akaiingiza ya hospitali ndani ya kanga. Yule wa nyuma aliyesema afungue tu yaishe, alikuwa na bahasha ya mahakama, akaikunja. Mmoja baada ya mwingine, kimyakimya, barua zote zikapotea machoni.

Mdogo wa marehemu naye akaitia yake ndani ya koti. Polepole, lakini akaitia.

"Jumatano lakini kikao kipo," alisema.

"Kipo," bibi alisema. "Nitakuja na mbuzi wangu wote niliowauza. Tuanze nao."

Kikao kilikuwepo, na hakikuwa chepesi. Walikaa tangu asubuhi mpaka ng'ombe walipokuwa wanarudi. Bibi alikaa katikati na kila fedha ilipotajwa alitaja mbuzi. Waligawana redio na koti. Habari ya benki haikupata mwenye nguvu ya kuibeba, kwa kuwa hakuna aliyejua ni kiasi gani, na aliyedai angetakiwa kusema anadai nini. Siku ya pili yake dada alimpelekea mzee wa malori karatasi ile. Aliivalia miwani, akasoma jina mara mbili, akaikunja akairudisha.

"Huyu ndiye shahidi," alisema. "Kiwanja kinakungoja, bibie."

Alikipata. Kabla ya mwisho wa mwezi tulikuwa tumerudi Njombe kutoa fedha, na yule binti wa makoti mawili akatukumbuka.

"Mama, ile fomu ya kubadilisha ninayo. Tukuwekee mtandao? Siku hizi wengi ndio wanaupenda. Hakuna mtu anayeona."

Dada alitazama foleni ya watu nyuma yetu.

"Niachie karatasi, mwanangu," alisema.

"Na anuani ileile?"

"Ileile."

Nje nilimuuliza kama ana uhakika, maana mimi kwa kweli niliona mtandao ungempunguzia mateso. Akasema ile Jumapili mateso yalikuwepo, lakini watu walikuwepo pia. Kwenye lile duka la kompyuta, siku yakimpata, atamwita nani? Hata leo, ambapo wajukuu zangu wanasoma taarifa zao kwenye simu wakiwa wamelala, sidhani kama alikosea wala sidhani kama wao wanakosea. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Alihamia Makambako na mashine yake, wanawe, na mama mkwe, ambaye alikataa kabisa kubaki. Nyumba yake ilikuwa karibu na posta kiasi kwamba ningeweza kumtupia barua dirishani. Kila Jumamosi nikishachukua furushi nilipita kwake kupumzika kabla ya mlima. Siku moja nilimkuta mdogo wa marehemu, amekuja kumsalimia mama yake, amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Nilitua mkoba kwenye benchi. Kifuniko hakikufunga vizuri, na pembe ya bahasha ndefu nyeupe ilikuwa imechungulia.

Aliiona. Alikunywa chai, akaiona tena.

"Mwinjilisti," alisema, "si umpe tu. Mwenyewe huyu hapa. Mpaka apande kilima kesho na kushuka, kwa karatasi iliyoko kwenye benchi lake?"

Nilimtazama dada. Alikuwa kwenye mashine, anahesabu mishono, hakuinua uso.

"Kesho, shemeji," alisema. "Nawe uje uisikie."